Jogoo wa Zenebech na Folda Mbili za Baba Yako

Kezira,
Dire Dawa.
12 Hidar 2017
(kwa miaka yetu, ya kwenu hesabu mwenyewe)

Mpendwa mwanangu Tirsit,

Hujambo huko kwenye barafu? Miguu yako ina joto? Mama yako mdogo Yeshimebet ameniamuru nianze na miguu, kwa sababu anaamini baridi ya Uswidi huingia kwa chini na kupanda. Mimi nauliza tumbo. Unapata injera, au bado mnakula ule mkate mgumu uliotuletea mara ya mwisho, ambao nilidhani ni kipande cha dari? Na mkwe wetu Anton hajambo? Ameanza kuongea, au bado anatikisa kichwa tu? Msalimie sana. Mwambie huku kwetu mkwe mkimya huogopwa, kwa hiyo asibadilike mpaka harusi ipite.

Sisi hatujambo. Joto limelegea kidogo, sasa mtu anaweza kugusa komeo la mlango mchana bila kutaja watakatifu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua ambayo haiji. Yeshimebet presha yake imeshuka tangu nilipoacha kumsomea habari za redioni kwa sauti. Mfungo unaanza siku chache zijazo, basi wiki hii tunakula nyama kama watu wanaohama nchi. Padri ametuonya kuhusu ulafi. Alituonya hapa hapa kwetu, akiwa na mfupa mkononi.

Sasa nije kwenye kazi uliyonituma.

Uliponipigia simu mwezi uliopita ulisema mama yake Anton ameuliza nani atasimama kuongea kwa niaba ya baba wa bibi harusi. Nami nikaanza kukohoa kidogo, nikijiandaa kukubali kwa unyenyekevu, ukanikata. Ukasema baba yako atasema mwenyewe. Niliisikia sauti ya kaka yangu Mekuria ndani ya sauti yako, ile ya dereva wa treni aliyekwisha kuachia breki, nikajua hakuna la kujadili. Ulijua baraka yake aliirekodi kabla hajafa, maana alikuambia mwenyewe kwa simu, akakukataza usiisikie hata neno moja mpaka siku ya harusi. Na sisi tumeilinda hivyo. Hata ulipokuja kwenye mazishi ukachukua picha zote, baraka hatukukupa.

Basi ukataka picha zilizopatikana baadaye, sauti, kila kitu cha marehemu kikusanywe mahali pamoja, kiwekwe kwenye flashi, apewe Zenebech jirani yetu anayepanda ndege mwezi ujao kwenda kwa binti yake huko kwenu. Nikasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Mungu anisamehe.

Kwanza, ile kompyuta uliyotuachia inaumwa. Tumboni mwake kuna mlio kama wa mtu anayetwanga kahawa bila kuipata. Yeshimebet ameiwekea kitambaa chenye maji ya baraka juu ya kichwa, na mimi nimemwomba angalau akikamue kwanza. Ikifa, inakwenda na kila kilichomo.

Pili, vitu vya Mekuria viko mahali pawili. Kuna folda iliyomo kwenye kompyuta ya hapa nyumbani, na kuna nyingine kwenye diski ya Abebaw. Shemeji yangu huyo unamkumbuka: mdogo wake Yeshimebet, anayesoma mita za maji mjini, na kwa kuwa anasoma namba kutwa anajiona mhandisi. Siku za matanga alinakili folda yetu nzima kwenye diski yake, akasema hamwamini mtu. Tangu hapo kila mmoja ameongeza, amefuta, amepanga upya kwake. Kwa hiyo leo tuna folda mbili zenye jina moja, kama binamu wawili waliopewa jina la babu mmoja: ukiita, wote wanaitika, na hujui yupi mwizi wa maembe.

Ndipo ukaniambia nisihangaike kulinganisha kwa macho. Ukasema kuna programu za kulinganisha faili na folda, ziko tele, nichague inayonifaa. Mwanangu, kumwambia mzee aliyeishia darasa la nne achague inayomfaa ni kumpeleka soko la Kefira bila mke.

Lakini wazo lenyewe nililielewa upesi kuliko ulivyotegemea. Miaka yote niliyopiga nyundo kwenye reli tulikuwa na chuma cha kupimia. Unakilaza juu ya reli mbili, na papo hapo kinakuambia wapi zimeachana. Hakikuambii reli ipi ina makosa, hilo ni juu yako na jasho lako. Nikasema, basi natafuta chuma kile kile, ila cha kompyuta. Kumbuka maneno hayo, nitayarudia, na nitayarudia kwa kujisifu.

Nikafungua mtandao nitafute. Kila ukurasa ulinifungia mlango. Zote zilisema neno moja: saa yako iko nyuma. Nilikasirika. Saa yangu haiko nyuma, naiweka kwa kengele ya kanisa.

Hapa nikukumbushe desturi moja ya nyumba hii, maana huko umekwisha kuzoea miaka yao na kujizeesha bure. Kompyuta yako ilipofika hapa ilikuwa inasema mwaka wa wageni, ulioko mbele ya wetu kwa miaka saba, na wakishasherehekea mwaka wao mpya, minane. Nikasema, kitu kinachokula umeme wangu kitahesabu miaka kama mimi. Nikaiwekea mwaka wetu. Usiku ikajirudisha yenyewe kwao. Nikaiwekea tena, ikajirudisha tena, mpaka nikapata mahali pa kuizuia isijirekebishe. Tangu hapo tunaelewana. Meskerem ndio mwezi wa kwanza, kama ilivyo haki. Mwezi wake wa pili ni mfupi, na Tiqimt wetu una siku zote thelathini, kwa hiyo mwisho wa Tiqimt huwa naidanganya kidogo. Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, haina kabisa. Zile siku za Pagume naizima, naifunika shuka, nayo inapumzika kama sisi.

Basi, mtandao ulipogoma, ikabidi nimwombe Abebaw. Kumwomba Abebaw ni mzigo, maana hakupi kitu, anakukabidhi. Akaja Jumapili baada ya kanisa, diski yake ameivika soksi, flashi ameitundika shingoni badala ya msalaba. Akaketi kwenye kiti changu. Akasema ameleta programu tatu za kulinganisha, na atanieleza taratibu kwa sababu ya umri wangu.

Ya kwanza niliipa jina la Bi Harusi. Inagawa skrini vipande viwili, folda yetu kushoto, yake kulia, na kila kinachotofautiana inakipaka rangi: nyekundu, buluu, zambarau, na rangi moja ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe hai. Nzuri kwa kweli. Ila ni ya kulipia, unapewa muda tu wa kuijaribu. Ilipofunguka ikatangaza kwamba muda wetu wa majaribio umebaki siku elfu mbili na mia kadhaa. Abebaw akakunja uso, akasema hii ni hitilafu. Mimi nikasema ni ukarimu. Hatukufikiria zaidi, na tungefikiria tungeokoa Jumapili nzima.

Bi Harusi ana maswali kama afisa wa mpakani. Unataka herufi kubwa na ndogo zihesabiwe kuwa sawa? Unataka vilivyofichwa vionekane? Nilijibu ndiyo kwa yote, kama ninavyofanya kanisani. Skrini nzima ikawa nyekundu, mashine ikaanza kutwanga kahawa ya harusi, na Yeshimebet akasimama mlangoni akauliza kama tumewasha moto wa sikukuu ya Meskel ndani. Tukaifunga.

Ya pili nikaiita Bure, kwa kuwa ni ya bure na haina aibu. Haina rangi. Ina mishale tu. Mshale ukielekea kwetu, maana yake faili ya Abebaw ni mpya zaidi na itafaa ije ifunike yetu. Ukielekea kwake, kinyume chake. Abebaw akasema hii ndiyo ya watu wazima. Akaibonyeza ianze, tukasubiri, mishale ikajipanga. Tirsit, yote ilielekea kwetu. Yote. Hakuna mmoja uliokwenda kwake hata kwa kupotea njia.

Basi ungemwona Abebaw alivyovimba. Akaegemea kiti changu mpaka kikalia. Akasema hashangai, amekuwa akituambia siku zote kwamba yeye ndiye anayetunza vitu vya marehemu.

"Shemeji, usininunie mimi, mashine ndiyo imesema," akaniambia. "Miaka yote hii mmekaa na makapi."

Mshale huwezi kuutukana. Akaniambia nibonyeze, folda yake ije ifunike yetu, tumalize, tunywe kahawa. Nikabonyeza upande wa picha kwanza. Baraka nikaiacha, si kwa busara, ila kidole kilichoka.

Picha zikanakiliwa. Nikafungua mojawapo kufurahisha macho, ile ya sikukuu ya Timket tulipocheza barabarani, uliyoipiga mwenyewe. Nikamwona Abebaw katikati, anang'aa. Pembeni yake kulikuwa na sikio. Nikafungua ile ya siku baba yako alipostaafu. Abebaw katikati, pembeni bega. Ya ubatizo wa mtoto wa Zenebech, Abebaw amembeba mtoto asiyemhusu, na juu ya ukingo wa picha kuna nusu ya kofia yangu. Mtu huyu, mwanangu, kwa miaka miwili amekaa kwake jioni akizikata picha zote za familia yetu mpaka zimtoshe yeye. Na sasa zimefunika zetu. Katika nyumba yangu mwenyewe, niliyoijenga kwa nyundo, nimebaki sikio.

Nikamuuliza kichwa changu kiko wapi. Akasema alikuwa anaboresha. Yeshimebet akaja kutazama, akatazama muda mrefu, akasema lile sikio anaweza kuliapia kuwa ni langu, kwa sababu halijawahi kusikia analoambiwa.

Usihuzunike kwa hilo. Zile picha nzima ulizichukua wewe siku za mazishi. Kichwa changu kiko Uswidi, salama. Nakuomba tu unirudishie.

Lakini hapo ndipo Yeshimebet alipotia mkono kwenye baraka. Unamjua, hagusi mashine kwa kawaida. Akafuta mikono kwenye aproni, akasema picha ni picha, lakini ile sauti ya shemeji yake haifunikwi na kitu mpaka yeye aisikie kwa masikio yake. Abebaw akaguna kwamba ya kwake ni mpya kwa miaka saba, mashine imeandika, ya nini kupoteza muda. Dada yake akamwambia anyamaze ale kolo. Akampa bakuli la shayiri iliyokaangwa, likamziba.

Kulikuwa na faili mbili zenye jina moja: Baraka ya Mekuria. Tukafungua kwanza ya kwetu. Ndiyo ile tuliyorekodi kwa kompyuta na kipaza sauti ulichotuma. Baba yako anaanza taratibu, sauti kubwa kama kawaida yake, kana kwamba injini inanguruma bado. Sitakuandikia maneno, alikataza. Nasema tu kwamba hakohoi hata mara moja, hakosei jina la mtakatifu hata mmoja, na mwisho mtu unabaki umekaa wima bila kujijua. Abebaw aliacha kutafuna.

Kisha ya Abebaw, iliyorekodiwa kwa simu yake, ambayo aliipa jina lile lile kwenye diski ikafunika ile aliyoinakili kwetu. Mekuria anaanza, anakohoa. Anaanza tena. Anafika kwenye jina lako, na papo hapo, wima, kama aliyetumwa, jogoo wa Zenebech anawika. Baba yako anangoja. Anaanza. Jogoo anawika. Yanafuata maneno kuhusu jogoo huyo, mama yake jogoo, na Zenebech kwa kumfuga, ambayo ukiyapiga kwenye harusi mbele ya mchungaji wa Kiswidi, naomba asitafsiriwe.

Abebaw akatamka kwa huzuni ya kitaalamu kwamba basi ndivyo ilivyo, marehemu alirekodi ile safi kwanza, na hii ya jogoo akairekodi baadaye, kwa hiyo hili ndilo neno lake la mwisho, na mashine haidanganyi. Akasogeza kidole kwenye kibodi. Nami, mwanangu, nilikuwa nimeanza kukubali. Ukishaitwa sikio, unakosa nguvu ya kubisha.

Yeshimebet akamshika mkono.

"Abebaw, yule jogoo yuko wapi?"

Akasema atajuaje jogoo alipo.

"Yuko tumboni mwako. Ulikula mapaja yote mawili, hapo hapo ulipokaa."

Mimi nikaanza kucheka kabla yeye hajaelewa. Unaona, baba yako alipoona jogoo hatamwachia arekodi, alimnunua. Alimlipa Zenebech bei ambayo Zenebech anaitaja mpaka leo kwa heshima, akamfunga mguu mpaka sikukuu ya Gena, Krismasi yetu, tukafungulia mfungo kwa mchuzi wake, na Abebaw alikuwepo na alijipakulia vizuri. Ile baraka safi ilirekodiwa baada ya sikukuu, mtaa ukiwa umetulia. Jogoo aliyekwisha kuliwa hawezi kuwika kwenye sauti iliyorekodiwa miaka saba baadaye. Hata Abebaw, kwa elimu yake yote ya mita, aliliona hilo.

Tukarudi kwenye skrini kuangalia tarehe. Ya Abebaw ilisema 2021. Ya kwetu, 2014. Abebaw akafungua mdomo aseme kwamba mwaka 2014 kompyuta hii ilikuwa haijaundwa. Akaufunga. Akanigeukia polepole, kama mtu anayesikia harufu.

"Shemeji, hii mashine umeiwekea mwaka gani?"

Nikamwambia mwaka huu. Akauliza mwaka huu wa nani. Nikamwambia wa Mungu na wa Ethiopia. Akashika kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo mimi nisingeweza kulifanya, kwa kuwa changu alikwisha kukikata.

Basi yote yakajieleza mara moja. Kurasa za mtandao zilizonifungia mlango. Bi Harusi na siku zake elfu mbili. Mishale yote kuelekea kwetu. Sisi hapa, tuliozaliwa na kalenda mbili ukutani, mmoja wetu mwenye elimu ya mita na mwingine mwenye mvi, tulimwachia mgeni asiyeijua hata moja atuamulie lipi jipya na lipi la zamani. Kwa simu ya Abebaw mwaka ulikuwa wa wageni, kwa kompyuta yangu ulikuwa wetu, na Bure, maskini, alitoa namba kwa namba akamtangaza jogoo mshindi. Tungebonyeza, baraka ya baba yako ingefunikwa na matusi ya kuku, na hakuna nakala nyingine duniani.

Yeshimebet aliketi. Haketi mchana, unajua. Alisema tu, "Mkewe Mekuria alinikabidhi Tirsit akiwa wa siku arobaini," akatazama mikono yake, kisha akaenda kuwasha jiko la kahawa. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Abebaw akataka nirudishe mwaka wa wageni kwenye kompyuta, akasema programu zote zitafanya kazi vizuri. Nikamwambia kwa adabu kwamba aliyekata watu vichwa hashauri mambo ya kalenda. Nikamwambia afungue ya tatu.

Hii ya tatu niliiita Mkimya, kwa heshima ya Anton. Ndogo, ya kijivu, inachukua muda. Haiulizi tarehe. Inafungua faili hii na ile, inazisoma kutoka mwanzo hadi mwisho pamoja, kama mashemasi wawili wanaosoma zaburi moja, na palipo na tofauti inasimama. Kwenye picha ilisema zote sasa ni sawa, zilizokatwa kwa zilizokatwa, na Abebaw alikula kolo akitazama dirishani. Ilipofika kwenye Baraka ya Mekuria ikasema hizi si sawa. Basi. Haikusema ipi mpya, ipi bora. Nikampiga Abebaw bega: si ndicho chuma changu cha reli hicho? Nilisema au sikusema? Kwa hiyo uchaguzi wangu ndio huo, mwanangu, umeniuliza na nimekujibu. Bi Harusi kwa wenye pesa na macho mazima, Bure kwa nyumba yenye kalenda moja, na Mkimya kwa ajili yetu.

Kisha Mkimya akauliza swali lake la pekee. Nibakize ya kushoto, ya kulia, au zote mbili?

Nikashtuka. Jumapili nzima tumegombana ipi imle mwenzake, na kumbe kulikuwa na kitufe cha kuacha zote ziishi.

Abebaw akadakia kwamba ya jogoo ifutwe, ni aibu kwa marehemu, na aliharakisha kusema hivyo kuliko nilivyozoea. Mimi mtu akiharakisha nakaa. Nikasema ngoja, hii ya jogoo hatukuisikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuna kitu mbele, ni kelele tu. Yeshimebet alikuwa anamimina ile kahawa ya kwanza. Nikabonyeza iendelee.

Baada ya matusi, baba yako anauliza kama lidude limezimwa. Na Abebaw anamjibu, waziwazi, kwa sauti ya mhandisi, kwamba tayari amelizima, kaka. Mwanangu, nilicheka mpaka goti likapona. Lakini sauti ya Mekuria ikaendelea, safari hii ndogo, ya mtu asiyejua kwamba anasikika, nikasogeza sikio. Alikuwa akiongea na Yeshimebet. Hili alilikataza? Hakulikataza, maana hakujua lipo. Kwa hiyo nakuandikia.

"Yeshi, atacheka au atalia? Tirsit akicheka pua yake inajikunja kama ya sungura. Hao watu wa huko wanajua kwamba hiyo ndiyo furaha yake? Au watadhani ana mafua, wampe dawa?"

Hapo kinasikika kikombe kinawekwa chini. Halafu jogoo, kwa mbali. Halafu baba yako anasema, "Basi. Kamnunueni huyo kuku."

Na hapo inaisha.

Kahawa ilipoa. Abebaw alikuwa akivuta kamasi, akasema ni pilipili. Tulikunywa raundi zote tatu za desturi, na katika ile ya mwisho, ya baraka, Yeshimebet alimimina kikombe cha nne akakiweka mbele ya kompyuta. Sikumtania. Nilibonyeza zote mbili.

Basi Zenebech atakuletea flashi ndani ya kopo la pilipili ya berbere, katikati, usiimwage bila kuangalia. Hajui kilichosemwa kuhusu kuku wake, na asijue. Humo kuna baraka mbili. Nyingine nimeiandika Jogoo ili usichanganye. Ile safi wapigie wakwe, wasikie kwamba una baba. Ile ya Jogoo muisikilize wewe na Anton peke yenu, kabla ya siku yenyewe, na umtafsirie kila neno mpaka mwisho, hata yale ya katikati. Nimeona kwamba ile safi baba yako aliielekeza kwako. Hii ya jogoo, bila kujua, alikuwa anamwambia Anton. Akishajua habari ya pua, sisi huku hatuna tena la kumfundisha.

Kompyuta bado inatwanga, lakini sasa itwange inavyotaka. Mwaka wake sijaubadili. Abebaw amenyoosha kidole mara mbili, akakirudisha.

Yeshimebet anakusalimu na kukuagiza soksi zivaliwe mbili mbili. Abebaw anakusalimu, anaomba ukirudisha picha nzima usimwambie mtu kwamba zilikatwa, nimemwahidi sitaandika. Zenebech anakusalimu, atakuja na maneno mengi, mpe kiti. Wasalimie wazee wa Anton, mama yake hasa, umwambie swali lake lilikuwa zuri.

Mungu aliyekulinda ulipokuwa mdogo kuliko mkate akulinde sasa ukiwa mrefu kuliko sisi. Nyumba yenu iwe na moto wa kutosha, kelele za kutosha, na asikosekane mtu wa kukuchekesha mpaka pua ijikunje.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye siku zote, ingawa kwa sasa ni kwa sikio moja tu,

Ayalneh